Tisini kwa Mia

Kila alasiri, baada ya kengele ya mwisho ya shule, Chapuchapu alikuwa wa kwanza kufika kwenye karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu hakujua kutulia: alikula amesimama, na vifungo vya shati alivifunga akiwa tayari barabarani. Shangazi alikuwa fundi wa magari ya umeme ya mashindano. Pembeni mwa karakana palikuwa na kigari cha kiti kimoja ambacho Chapuchapu na rafiki yake, Kobe, walikiunda kwa mashindano ya shule. Kobe, msichana asiye na papara, ndiye aliyekuwa dereva na mtunza matairi. Chapuchapu alisimamia kompyuta iliyopima umeme wa kuingia kwenye mota.

Siku tatu kabla ya mashindano, shangazi alitoka kuzungumza na mteja. Kigari kilikuwa juu ya jeki, magurudumu ya nyuma yakielea. Umeme wa kuondokea, yaani nguvu ambayo mota hupewa kigari kinapoanza kwenda, ulikuwa umewekwa arobaini kwa mia. Chapuchapu aliitazama namba hiyo, mguu ukimchezacheza. Akapandisha hadi sitini, akabonyeza kitufe cha kuwasha mota. Akapandisha hadi tisini. Magurudumu yalivuma kama nyuki, bila kutikisika hata kidogo.

"Kumbe tulikuwa tunajibana bure," alijisemea.

Karakana ilikuwa na kanuni moja: ukigusa kitu, unaandika ubaoni pamoja na jina lako. Chapuchapu alishika chaki. Lakini shangazi akiona tisini, si atairudisha arobaini? Akaiweka chaki chini.

Kobe alipofika na shangazi aliporudi, walikishusha kigari na kukisukuma hadi uani. Kobe alivaa kofia ngumu, akakanyaga. Magurudumu yalizunguka palepale yakifuka moshi, mkia wa kigari ukapepesuka, nacho kikajigonga ubavu kwenye rundo la matairi makuukuu. Kobe alitoka akichechemea.

"Ulipima upepo wa matairi?" shangazi aliuliza.

"Nilipima, Fundi. Mara mbili."

"Ubaoni hakuna kingine kilichoguswa, basi tatizo ni matairi. Jumamosi, kwenye mashindano, ataendesha mwingine."

Kobe alichukua kipimo cha upepo, akapiga goti lililo zima, akaanza kupima upya. Chapuchapu alikizunguka kigari mara nne, akakaa, akainuka.

"Tulia basi," Kobe alimtania kwa sauti ya unyonge. "Kwani goti linalouma ni lako?"

Utani huo ulimchoma Chapuchapu kuliko tusi.

"Shangazi," alisema, "si matairi. Nilipandisha umeme hadi tisini, na sikuandika."

Shangazi aliigeukia kompyuta. "Ulijaribia wapi?"

"Juu ya jeki."

"Juu ya jeki kila gari ni bingwa. Hewani gurudumu halina cha kusukuma. Chini, tairi hushika sakafu kwa kiasi chake; ukilizidishia nguvu linateleza. Na mota ya umeme haikupi nafasi ya kujiandaa. Nguvu yake yote inafika mara tu unapokanyaga."

"Yaani uliniacha nipime mara ya tatu huku unajua?" Kobe aliuliza.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nitakusamehe ukinibebea mkoba mpaka Jumamosi."

Walirudi arobaini, wakapanda mbili mbili, kila hatua ikiandikwa. Walipofika hamsini na mbili, matairi yalianza kulia. Wakashuka hadi arobaini na nane, na kigari kikafyatuka kimenyooka kama uzi, Kobe akiwa kwenye kiti chake.

Shangazi alimshika Chapuchapu bega. "Kukosea kipimo ni sehemu ya ufundi, mwanangu; ningekuelekeza tu. Lakini uliponyamaza, ulimtwika mwenzako kosa lako, nami nikamhukumu asiye na hatia. Siku nyingine ukiharibu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Hapo ndipo mtu atakuamini na gari lake, na maisha yake."