Mpangaji wa Joash

Saa sita mchana, jua likiwaka, Joash aligonga ukuta wa sebule mara tatu kabla ya kuketi, nao ukuta ukamjibu mara tatu.

Mkewe, Terry, alisikia. Kugonga kwenyewe hakukuwa kugeni. Wachimba dhahabu wa Macalder hugonga nguzo za shimo kabla ya kushuka, wajue ipi imeoza. Tangu shimo limfukie siku mbili, miezi minne iliyopita, Joash aligonga kila kitu, hata benchi la kanisa. Sasa amepata wa kumwitikia.

Terry alipiga ripoti kwa chifu. Karani alitafuta kwenye fomu pa kuandika jini, akakosa, akajaza "mpangaji asiye na kitambulisho", akapiga muhuri.

Wiki ya tatu nyumba ilinuka udongo mbichi, ule wa chini usiojua jua, na Joash akawa anawahesabu watoto kila baada ya dakika kumi, akiwakataza shule kwa sababu barabarani kuna malori ya miwa, na kisima hakina mfuniko, na paa limechoka, na kila alipoitaja hatari, sauti nyingine kifuani mwake iliitaja pia, nyuma kidogo, kama mtu anayefundishwa sala.

"Baba Bravin," Terry alinong'ona, "hicho kitu kisipotoka, Jumamosi mimi na watoto tunaenda Awendo kwa mama."

"Awendo ndiko malori yanakotoka."

Ijumaa alikuja Sheikh Mohamednur, mwuza mabati wa Migori mjini. Alisoma Kurani mpaka kanzu ikalowa. Mdomo wa Joash ukafunguka, sauti nzito isiyo yake ikasema:

"Sheikh, nitoe."

Sheikh alisita. Majini wengine hubembelezwa watoke. "Kwani hutaki kukaa?"

"Nilimfuata kutoka shimoni nimtishe. Hajanipa nafasi. Miezi minne sijalala. Nikifumba macho ananiamsha, ananiuliza kama nimesikia. Sasa na mimi nasikia."

"Unasikia nini?"

"Sijui. Nitoe tu."

Sheikh akamaliza. Pazia likainuka, likashuka, harufu ya udongo ikakatika. Joash akafumbua macho, yake mwenyewe, mekundu.

"Ameenda?"

"Ameenda. Lala sasa, baba," Sheikh alisema.

Joash alitazama paa, akatazama mlango, akawahesabu watoto.

"Na sasa nitasaidiwa na nani kulinda?"

Terry alikuwa ameapa kuondoka kisipotoka. Kimetoka. Akaketi kando ya mumewe, akaanza kusikiliza.