Maziwa ya Mwalimu Ambakisye

Kihuishamaneno kilikuwa kikila sauti tangu asubuhi. Ni mtambo wa duara, mkubwa kama tangi la maji la shule. Kanda ya zamani ikiwekwa mdomoni mwake, somo hutokea upande wa pili likisemwa kwa Kiingereza cha leo. Maana maneno nayo huhama, kama watu. Neno “meat” hapo kale lilikuwa chakula chochote, hata mkate, likaja kubaki nyama tu. “Girl” aliitwa mtoto yeyote, wa kiume pia. Katika Tukuyu ya miaka ile watoto walisomeshwa na sauti za walimu waliokwisha kufa, na mtambo ndio uliowafanya waeleweke. Kila kanda iliyoingia iliyeyuka humo ndani, haikurudi.

Aliyeuunda ni Injinia Sekela. Siku hiyo alimleta mama yake asikilize masomo ya marehemu baba, Mwalimu Ambakisye, aliyekuwa akijirekodi jikoni kwao, karibu na moto, kwa ajili ya baridi.

Mama alikataa kiti. Alikwenda dirishani, akarudi, akaufungua upindo wa kitenge na kuufunga tena. Masomo yalipita moja baada ya jingine, sauti safi, haina hata kikohozi. Mwishowe akauliza mbona yeye haitwi.

Sekela hakuelewa. Mama akamweleza kwamba hapakuwa na somo ambalo baba yake hakulikatiza kumwita yeye mama aangalie maziwa motoni, kisha akawaomba radhi wanafunzi, akacheka kidogo, akaendelea.

Ni Sekela aliyeufundisha mtambo kwamba kikohozi, kimya na maneno ya pembeni ni takataka. Kanda zilikuwa zimeyeyuka zote, isipokuwa moja, nayo ilikuwa inasogea mdomoni. Akanyoosha mkono kuizuia.

Mama akaushika mkono huo. “Iache ipite. Baba yako hakunirekodia mimi, aliwarekodia watoto, nao wanangoja. Ila mwache aniite.”

Sekela akaifuta haraka ile amri ya takataka. Kanda ikaingia. Katikati ya somo mtambo ukasita, taa yake ikawa ya njano.

“Kipande hiki hakihusiani na somo,” ukasema. “Ili nikihifadhi, nipe maana yake ya zamani na ya leo.”

Ikasikika sauti ya baba, yenye mikwaruzo: “Mama Sekela, maziwa hayo.”

Mama aligeuka upesi, kama mtu aliyeacha kitu motoni. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Ya zamani ni maziwa,” alisema. “Tena yalimwagika kweli, akanisema mpaka jioni.”

Sekela akaandika. Vidole vikangoja. “Na ya leo, mama?”

Mama alikivuta kile kiti alichokuwa amekikataa, akaketi.

“Ya leo bado sijui,” alisema. “Uambie urudie kwanza.”