Akaniminya Mkono Mara Mbili

"Taratibu hapo nyuma ya sikio, mdogo wangu. Panauma."

"Samahani, dada. Nywele zako laini, zinateleza."

Mteja wangu alikuwa mwalimu wa chekechea, mjane wa miezi miwili. Ndiyo mara yake ya kwanza kuja kusuka tangu msiba. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa alipoanza kunisimulia kifo cha mumewe.

"Kilichonisaidia ni yule nesi wa ambulensi. Alikuwa naye kule nyuma hadi dakika ya mwisho. Akaja kuniambia, 'Mama, mumeo amesema msimlilie sana, hasikii maumivu tena. Kisha akaniminya mkono mara mbili, akalala.'"

Kitana kilinidondoka.

"Nesi gani huyo, dada?"

"Mrefu, mpole, ana kovu kidevuni. Mungu amlinde popote alipo."

Popote alipo! Huyo mrefu mpole ndiye aliyekuwa anioe baada ya wiki tatu. Mtaani wanamwita Dokta, ingawa udaktari hajausomea. Tulifahamiana siku aliyokuja kumchukua baba yangu kumpeleka hospitali. Baba hakufika. Dokta akatufuata mimi na mama kwenye benchi la hospitali, akatuambia maneno hayo hayo, pamoja na mkono uliominywa mara mbili. Mama akawa anayarudia kwa kila aliyekuja kutupa pole. Mimi nikampenda aliyeyaleta.

Nilimaliza kile kichwa sijui hata vipi, nikatuma ujumbe.

"Uko wapi?"

"Kituoni, naosha machela. Umeshakula, kipenzi?"

Nilimkuta uani amekunja mikono ya shati, brashi mkononi. Salamu sikumpa.

"Baba alisema nini kabla hajafa?"

"Si nilishawaambia?"

"Ulituambia sisi. Ukamwambia na mwalimu wa chekechea. Wengine wangapi?"

Nilitegemea ababaike. Wala. Aliweka brashi chini, akafikiri kidogo kama mtu aliyeulizwa njia.

"Wengi. Maneno yale yanatuliza watu. Mwanzoni nilijaribu mengine, hayakusaidia sana."

"Kwa hiyo ulinionea huruma."

"Hapana. Sitaki kukudanganya tena. Huruma sina, au ninayo kidogo mno. Niliwahi kwenda kwa daktari wa akili, nikamuuliza kama mimi ni wale wanaowaita sosiopathi, wasiojali mtu. Akasema siyo kwamba mtu anao huo ugonjwa au hana, kuna viwango. Wapo wanaoumiza watu makusudi. Mimi sijawahi. Ila mtu akiumia mbele yangu, ndani kunakuwa kimya."

"Na mimi nikilia?"

"Najua la kufanya."

"Sijakuuliza unajua nini."

Alijifuta mikono kwenye suruali.

"Kimya vilevile. Lakini usipokuwepo karibu, nakutafuta. Kwa mtu mwingine hilo halijawahi kunitokea. Sijui kama ndiyo mapenzi yenyewe."

Hapo ndipo aliponimaliza, maana nilimwamini. Angekuwa mnyama kamili ningemtukana nikaenda zangu. Huyu alikuwa na kipande cha moyo, kipande hicho kilikuwa changu, na nilikitaka. Nakitaka hadi leo, msinicheke.

"Niambie basi ukweli. Baba alisema chochote?"

"Alisema. Alizungumza karibu njia nzima."

"Alisema nini?"

"Sikusikiliza. Nilikuwa naangalia mashine ya mapigo ya moyo. Maneno yake hayakuwa na kazi."

Nikakaa kwenye ngazi ya ambulensi. Baba yangu, mtu ambaye ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana, alizungumza njia nzima, na aliyekuwa naye hakuona sababu ya kusikiliza. Nililia kwa sauti. Dokta akachuchumaa, akanishika bega, pale pale anaponishika siku zote.

"Niseme nini ili ubaki?"

"Nikikwambia, utasema?"

"Nitasema lolote."

"Ndiyo maana siwezi."

Nikavua pete, nikamwekea kiganjani. Aliitazama, kisha akaniuliza kama nimekuja na mwavuli, maana mvua ilikuwa karibu.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa mezani anaandika majina kwenye kadi za harusi.

"Mama, acha kuandika. Harusi haipo."

"Haipo vipi?"

"Nimemwacha."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hana, mama."

"Sasa kosa lake nini? Kijana aliyemshika baba yako mkono mpaka mwisho, akatuletea na maneno yake! Mwanangu, mimi kila asubuhi nayasema kwanza yale maneno, ndipo napata nguvu ya kushuka kitandani. Mtu kama huyo unamwacha kwa lipi?"

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningeutoa, mama angebaki na nini kesho asubuhi? Nikamtazama machoni. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

"Nimempata mwingine."

Mama alifunika kalamu, akazisukuma kadi pembeni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Sijui roho hiyo umeitoa wapi," akasema. "Baba yako hakuwa hivyo."