Uamuzi wa Kinyozini

Asubuhi ile Mama Pindo alikosea mshono, akaufumua, akaukosea tena. Haikuwa kawaida yake. Watu wa mtaa walimpa jina hilo kwa sababu pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Lakini tangu alfajiri roho yake ilikuwa juu juu. Akikaa, anasimama. Akipanga vitambaa, anavipangua.

Chanzo kilikuwa shoga yake, muuza mkaa wa sokoni. Jana yake alikuja kuchukua sare ya bintiye, akasema kwa sauti ya kuchoma, "Hongereni, mwenzangu. Mmetuletea uwanja wa mpira."

"Uwanja gani?"

"Shoga, usinifanye mtoto. Chama chetu kilikuwa kichague jambo moja la kulidai baraza la mji. Si mmechagua uwanja? Choo cha soko mmekitupa."

Mama Pindo alikodoa macho. Yeye ndiye makamu mwenyekiti wa tawi la chama cha siasa mtaani. Yeye ndiye aliyepeleka kilio cha wanawake wa sokoni, wanaoshinda juani kutwa nzima bila mahali pa kujisaidia. Tena mwenyekiti wa tawi alikuwa mumewe mwenyewe, kinyozi wa njia panda. Na bado habari za tawi lake alizipata kwa mteja!

Usiku hawakupata nafasi ya kuongea; mchana mumewe alirudi kula. Mama Pindo alimtengea chakula, lakini mwenyewe hakukaa.

"Baba watoto, uamuzi wa uwanja ulifanyika lini?"

Kinyozi alitafuna polepole. "Ah, tuliongea tu pale dukani. Mimi, Kipaza, na vijana wawili watatu. Mambo yenyewe yakajipa."

Kipaza alikuwa katibu wa tawi. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti.

"Na mimi makamu?"

"Ungeambiwa mkutanoni. Kwani umenyimwa nini? Kula kwanza." Kisha akakumbuka jambo. "Leo anakuja dada mmoja wa jumuiya ya raia. Anazungukia vyama vyote, anatathmini jinsi vinavyowashirikisha wanawake katika uongozi. Atakuhoji. Mwambie mambo ni shwari. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mama Pindo alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

Mtathmini alifika alasiri. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi na sauti ya taratibu. Alikaa juu ya kigoda kati ya vitambaa, akasema, "Fundi, wewe endelea na kazi. Tutazungumza hivyo hivyo."

"Mambo ni shwari," alisema Mama Pindo, hata kabla ya kuulizwa.

Mgeni alitabasamu. "Nashukuru. Wewe ni makamu. Ulipataje nafasi hiyo?"

"Nilichaguliwa."

"Walipiga kura?"

Mama Pindo aliacha kushona. Alikumbuka siku ile. Alikuwa anapima kitambaa cha bendera nje ya mkutano. Makao makuu yalikuwa yameagiza kila tawi liwe na mwanamke kwenye uongozi. Kipaza akasoma jina lake, watu wakapiga makofi.

"Nilisomwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Mikutano yenu huwa saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Saa moja jioni wanawake wa mtaa huu huwa wapi?"

"Jikoni. Wapi tena?"

"Nani hupanga ajenda?"

"Katibu na mwenyekiti."

"Wewe huzijua kabla?"

"Nazikuta huko huko."

"Na uamuzi hufanyika wapi?"

Hapo Mama Pindo alicheka, lakini si cheko la furaha. "Dada yangu, uamuzi hufanyika kinyozini. Mkutanoni tunaenda kuupigia makofi."

Mgeni aliweka kalamu chini. "Sikiliza, fundi. Watu wengi wakitaka kujua kama chama kinawashirikisha wanawake, wanahesabu vichwa. Wanasema, tazama, wanawake wamejaa mkutanoni! Kujaa ni jambo jema, lakini hakutoshi. Lazima tuulize nani anaamua. Wanawake wanapata habari mapema? Wanafika pale penye uamuzi? Wakisema, neno lao linahesabika? Vyeo vyao vina kazi, au ni jina tu? Na wakati wa kuteua wagombea, nani anakaa kwenye kamati? Chama kinaweza kuwa na makamu mwanamke, na bado wanawake wakawa nje."

"Kama mimi."

"Hilo umelisema wewe."

"Na wewe utayaandika haya?"

"Nitaandika bila jina la msemaji. Halafu nitakuja kuwasomea wote, mjibu wenyewe. Hatufungi midomo ya watu, wala hatuwachongei. Vyama vingine nilivyotembelea vina kasoro hizi hizi, vingine zaidi."

Alipoondoka, Mama Pindo alibaki hana raha. Bila jina, sawa. Lakini tawi zima lina makamu mmoja. Kipofu angejua nani kasema. Je, mume wake ayasikie mbele za watu? La. Angemwambia mwenyewe, na angemwambia sasa.

Alijifunga kanga, akatoka.

Duka la kinyozi lilikuwa mahali pa wanaume. Wanawake waliishia mlangoni. Mama Pindo hakuishia mlangoni. Ndani, Kipaza alikuwa amelazwa kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni. Wembe ulikuwa mkononi mwa mumewe.

"Kuna nini nyumbani?" Kinyozi alishtuka.

"Nyumbani kwema. Nimekuja kwenye kikao."

"Kikao gani? Hapa watu wananyoa."

"Si hapa mlipoamua habari ya uwanja? Basi na mimi ni kiongozi. Nimemwambia yule dada ukweli. Nimemwambia uamuzi wa tawi unafanyika hapa, na sisi wanawake hatupo. Nimeona heri uusikie kwangu."

Kipaza alitaka kuruka, akakumbuka wembe. "Shemeji," alisema, midomo ikicheza ndani ya povu, "unatuvua nguo mbele ya watu wa nje!"

"Mficha uchi hazai, shemeji."

Vijana waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Kinyozi hakucheka. Aligeuka, akaendelea kunyoa. Kipaza alitoka pale na mkwaruzo shavuni.

Siku zilizofuata nyumba ilinuna. Kinyozi alijibu salamu kwa kukohoa. Mama Pindo alishona na kufumua. Kuna wakati alijuta. Kuna wakati alijiuliza kwa nini ajute.

Mtathmini aliporudi, tawi lilikutana mchana, kwenye banda la soko, kwa ombi lake. Ndiyo maana wanawake walifika kwa wingi. Alisoma aliyoyakuta. Hakumtaja mtu. Kipaza alisimama kabla hajamaliza.

"Napinga! Chama chetu wanawake ni wengi kuliko wanaume!"

"Wengi katika kazi zipi?" aliuliza mtathmini.

"Zote! Wanaimba, wanapika, wanapanga viti, wanakaribisha wageni..."

"Na kuamua?"

Kipaza alirudi kitini.

Ndipo muuza mkaa alipoinuka. Alimgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na wewe. Kila adhuhuri nakuja dukani kwako kuomba ufunguo wa choo cha uani. Hujaninyima hata siku moja, na Mungu akulipe. Kwa hiyo shida yetu unaijua. Lakini siku mlipokaa kuamua, shida ilikuwa imesimama mlangoni pako, na hukuikaribisha ndani."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Mama Pindo alimtazama. Hakujua kama mumewe atafoka au ataondoka.

"Kweli," alisema Kinyozi. "Ufunguo nilitoa, nikadhani nimemaliza wajibu. Sikukusudia kumficha mtu. Tulizoea tu. Na mke wangu alikuja kunieleza, nikamnunia." Akamgeukia. "Makamu, tuongoze. Tufanye nini?"

Mama Pindo alisimama.

"Kwanza, tukutane mchana Jumapili, hapa hapa. Ajenda zibandikwe mapema, kila mtu azione. Akisema mwanamume, afuate mwanamke. Na neno lolote lililoamuliwa nje ya mkutano lisiwe uamuzi wa tawi, hata kama limeamuliwa nyumbani kwangu." Watu wakacheka. "Kamati ya kuteua wagombea iwe na wanawake na wanaume sawa. Tena nina jambo jingine. Mimi nilisomwa, sikuchaguliwa. Nafasi yangu nairudisha. Ipigiwe kura."

"Shoga, utaikosa!" alinong'ona muuza mkaa.

"Nikiikosa, nitajua nimeikosa kwa kura."

Mapendekezo yalikubaliwa. Jumapili iliyofuata walipiga kura juu ya choo na uwanja. Vijana walieleza hoja yao, wanawake yao. Choo kilishinda, na vijana waliahidiwa kwamba uwanja utafuata. Kisha ikaja nafasi ya makamu. Fundi viatu mmoja wa mtaa aligombea, na Mama Pindo aligombea. Kura zilipokuwa zikihesabiwa hakuweza kukaa. Alizunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alishinda kwa tofauti ndogo. Safari hii alijua amechaguliwa na nani, na wao walijua watamdai nini.

Haikuwa rahisi. Kipaza alisahau kubandika ajenda, akakumbushwa. Siku nyingine mwanamke akisema, mwanamume anamkata kauli, na Kinyozi anagonga meza: "Mwache amalize." Nyumbani pia alijifunza kuinjika chungu mwenyewe siku za mkutano, japo wali wake wa kwanza ulikuwa uji. Walidai kwa sauti moja, wakatuma wajumbe barazani, wakarudi tena na tena. Kabla ya mvua kuisha, choo cha soko kilikuwa na paa, maji, na mlango unaofungwa kwa ndani.

Mtathmini alipita tena. Alimuuliza Mama Pindo maswali yale yale.

"Andika kwamba tumesogea," alijibu. "Usiandike shwari. Diwani mwanamke bado hatujawahi kumsimamisha, na hilo halinipi usingizi."

Majuma machache baadaye likaja suala la mgombea udiwani. Banda lilijaa. Kinyozi aliuliza nani anaomba kuteuliwa. Kipaza aliinua mkono, kama ilivyotarajiwa. Fundi viatu akainua wake. Kisha, katikati ya wanawake, ukainuka mkono mweusi kwa vumbi la mkaa.

"Una hakika, dada?" aliuliza Kipaza. "Siasa ni ngumu."

"Mkaa ndio mwepesi?" alijibu muuza mkaa, na mkono hakuushusha.