Darubini Kando ya Tangi

"Mgonjwa anatoka saa saba kamili," Mjomba alisema kwenye simu. "Kuna macho juu ya paa la jirani. Yafumbe."

Simu ikakatika.

Nukta akatazama saa. Dakika tisa.

Mgonjwa mwenyewe mzima wa afya. Alikuwa karani wa ghala, aliyekubali kuwataja wauza silaha mahakamani. Kutoka mlango wa nyumba alimofichwa hadi kwenye gari ni hatua kumi. Hizo hizo ndizo wauza silaha walizokuwa wakizingoja.

Nukta akavaa ovaroli ya fundi bomba, akapanda paani.

Kando ya tangi la chuma, jamaa mwenye kofia pana aliinamia darubini nyeupe, zile za kisasa zinazojizungusha zenyewe na kurusha picha kwenye simu.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri. Napiga picha madoa ya jua. Naiweka sawa, ila dira inasumbua."

"Pole. Mimi nasumbuliwa na tangi."

Nukta akashika spana. Macho yakafanya kazi nyingine.

Dira inawekwa sawa kando ya chuma kinachoipotosha? Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angehama.

Miguu ya darubini imekaa upande.

Na kichujio cha jua, kinachokinga kamera isiungue, kimo bado kwenye nailoni, pamoja na kijitabu cha maelekezo.

"Kaka, bila kichujio si utaichoma?"

"Nitakiweka baadaye."

Baadaye ya lini? Darubini ilitazama mlango wa ng'ambo.

Dakika nne.

Nukta akatoa simu kama mtu anayempigia mkewe. Mtandao wa darubini ukampokea bila nywila. Mlango ukajaa kwenye kioo, hadi kitasa.

Pembeni, maandishi madogo: *Simu zilizounganishwa: 3.*

Yake. Ya Kofia.

Ya tatu?

Mtandao wa darubini haufiki hata barabarani. Mwenye simu yupo hapa hapa.

Nyuma ya tangi, kitu kikakwaruza.

Nukta akazungusha valvu.

Maji yakafyatuka. Akachomoka mtu kalowa chapachapa, bunduki mkononi, haoni mbele. Spana ikamgonga kifundo cha mkono. Bunduki chini. Kofia akatimua mbio, akajikwaa kwenye mguu wa Nukta.

Pingu moja, iliyopitishwa kwenye bomba la tangi, ikawatosha wawili.

Kwenye simu, mlango ulifunguka. Karani akatoka. Hatua ya kwanza. Ya tano. Ya kumi.

Gari likaondoka.

"Mjomba, macho yamefumbwa."

"Yote?"

"Moja limelowa. Jingine linanitukana."

"Umejuaje, wewe?" Kofia alifoka.

"Ndugu yangu, siku nyingine soma kwanza kile kijitabu cha maelekezo. Hata hujakifungua."

Akashuka ngazi taratibu, mikono mfukoni.