Barua ya Bwana Ogden

Kila siku, shule ikitoka saa tisa na nusu, Dalisay Macaraeg alipitia karakana ambako baba yake alifanya kazi. Aliteleka birika, akamimina chai vikombe vitatu, kisha akafanya hesabu zake juu ya kreti huku akisikiliza. Baba yake, Rogelio, alitengeneza mabomba ya vinanda vya kanisa. Aliyeyusha bati na risasi, akamwaga bamba jembamba, akalikunja likawa bomba, halafu akalikwangua mdomo kidogo kidogo mpaka sauti ikakaa sawa. Mzee Bwana Ogden, mwenye karakana, alitega sikio na kusema, "Si mbaya." Hakuna mtu mjini Todmorden aliyewahi kumsikia akisifu zaidi ya hapo.

Jumatatu moja karakana ilikuwa kimya. Baba alikuwa ameshika barua kutoka ofisi ya viza. Viza yake ilikaribia kwisha, na ofisi ilikuwa na shaka. Je, kazi hii ni ya fundi stadi, au ni ya kibarua yeyote? Mwajiri athibitishe kwa maandishi, na jibu lifike kabla ya Ijumaa. Lisipofika, au lisiporidhisha, Dalisay na wazazi wake wangelazimika kuondoka nchini na kurudi kwao Cebu.

"Acheni wasiwasi," alisema Bwana Ogden akivaa kofia yake. "Nimeshaandika barua ya kuwajibu. Nitaituma kesho."

Alipotoka, Dalisay aliifungua karatasi iliyokuwa mezani. Iliandikwa: "Rogelio husaidia karakanani. Hufanya hiki na kile. Si mbaya. H. Ogden."

Alihisi uso ukimwaka moto. Hiki na kile! Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akaketi kwenye kompyuta, akaandika barua nyingine kwa jina la Bwana Ogden. Katika barua hiyo, baba yake alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Uhandisi. Alikuwa na shahada mbili. Alisimamia wafanyakazi arobaini.

Baba aliikuta kwenye meza ya chakula, kando ya sufuria ya wali.

"Wafanyakazi arobaini wako wapi?" aliuliza kwa hasira. "Chini ya kitanda?"

"Nilitaka kutusaidia, Baba!"

"Wakipiga simu moja tu, tumekwisha. Na yule mzee pia!" Akaichana vipande viwili.

Mama aliweka mwiko chini. "Kila siku tunamwomba Mungu atufungulie mlango, Dali. Wewe unataka tupite dirishani?"

"Na ile ya Bwana Ogden uliyoisoma leo ni ya kweli?" Dalisay alifoka. "Ulifundishwa kazi hii miaka saba kule Cebu! Mbona humwambii?"

Baba aliinamisha macho. "Ni mkubwa wangu. Nitamwambiaje aniandikie sifa? Naona haya."

Usingizi wa Dalisay ulikuwa wa mang'amung'amu. Siku iliyofuata, badala ya kuteleka birika, alisimama mbele ya Bwana Ogden, mkoba ungali mgongoni. Bahasha ilikuwa imeshabandikwa stempu.

"Usiitume hiyo, Bwana Ogden. Ni ya uongo."

"Dalisay! Adabu!" Baba alishtuka.

Mzee aligeuka mwekundu hadi masikioni. "Uongo? Sijamdanganya mtu tangu nizaliwe, binti! Huku kwetu hatujitangazi. Mtu hufanya kazi yake, akanyamaza."

"Nani aliyetengeneza mabomba ya kanisa la kilimani?"

"Babako."

"Wewe unaweza?"

"Nilikuwa naweza. Siku hizi mikono inatetemeka."

"Kibarua yeyote wa mtaani je?"

"Upuuzi! Miaka mitano ya kwanza angekuwa anajifunza kusikiliza tu!"

"Basi mbona hukuandika hivyo?"

Bwana Ogden aliiweka bahasha kando. Kisha akamgeukia Rogelio kwa ukali. "Na wewe! Uliisoma ukanyamaza?"

"Niliona haya, bwana."

"Haya! Wawili sisi, watu wazima, tumeona haya mpaka nikakaribia kukupoteza!" Alivuta droo kwa kishindo na kutupa mezani daftari nene la kazi. Kwa mwandiko wake mwenyewe, kila siku ya miaka mitano, lilionyesha nani alifanya nini: michoro iliyopimwa, madini yaliyochanganywa, mivukuto ya ngozi ya kupulizia vinanda, iliyoshonwa upya, mabomba mia mbili na nane yaliyotiwa sauti. Pembeni mwa kila kazi palikuwa na herufi za kwanza za jina la Rogelio.

"Andika, binti. Nami nitasema."

"Kabla hajaandika," Baba alisema, "ana jambo la kukueleza."

Dalisay alikiri habari ya barua yake, macho yakiwa sakafuni.

"Arobaini?" Bwana Ogden aliguna. "Ningewaweka wapi, juu ya paa?" Halafu akakaa chini taratibu. "Sikiliza. Wewe uliongeza, mimi nikapunguza. Nilidhani kuongeza ndiko uongo peke yake. Lakini anayesoma barua hajui mimi ni mtu wa maneno machache. Anajua tu kilichoandikwa. Ukweli usemwe wote, usizidi wala usipungue."

Waliandika kurasa tatu. Waliambatanisha nakala za daftari, michoro, na cheti cha mafunzo cha Cebu. Dalisay alitaka kuandika "bora kuliko wote duniani." Bwana Ogden alikataa. Bahasha iliondoka siku ileile.

Wiki tano baadaye jibu lilikuja: ombi limekubaliwa. Mama alipiga magoti palepale jikoni. Baba alilia bila kujificha.

Jioni hiyo karakanani, Bwana Ogden alisoma barua mara mbili. Alisafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia bunge.

"Rogelio," alisema, "katika maisha yangu sijafanya kazi na fundi mzuri kama wewe."

Mzee, uso mwekundu, alificha aibu yake ndani ya kikombe.

"Na chai je, Bwana Ogden?" Dalisay aliuliza.

"Imepoa, binti. Ukweli usemwe wote."