Kishindo Kisichochoka

Vile visanduku kaja navyo Shadya, anayesomea mambo ya ardhi, akavifukia uani kwa mama yake pale Chumbageni, kuanzia barabarani mpaka ukutani.

"Vyafanya nini hivyo?" Nasima akamuuliza mwanawe.

"Vinasikiliza, mama. Lori likipita, ardhi inatikisika. Mtikisiko ukienda mbali unachoka, mchanga unaumeza. Mie napima unavyomezwa."

"Haya. Nimekusomesha ukasikilize mchanga."

Sasa ule ukuta. Upande wa pili akaa Mboni, mdogo wake Nasima, tumbo moja. Waligombea kitanda cha marehemu mama yao hata arubaini haijafika. Ukuta ukajengwa, salamu zikakatika. Mboni kila siku husogeza kigoda ukutani, asikilize japo kikohozi cha dada yake. "Yeye ndiye mkubwa," husema. "Aniite tu, nitaitika."

Nasima haiti.

Siku ya pili Shadya akafungua kompyuta, atazame visanduku vimesikia nini. Mitikisiko ya malori ilichoka kama kawaida. Lakini kulikuwa na kishindo kingine, tu, tu, tu, kama mtu atembeaye: barabarani hafifu, na kila kilivyokwenda mbali kikazidi nguvu. Penye ukuta, kisanduku kilitetemeka chenyewe.

"Mama, mamdogo anatwanga?"

"Ya huko siyajui mie."

Adhuhuri, jua la utosi, pakanuka udi na hakuna aliyefukiza, kuku wakajibanza mlangoni, na ardhi chini ya nyayo ikawa yapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, mpaka kishindo kikasimama, kikavuta pumzi, na kutoka mchangani ikaja sauti ya Nasima, ile ya upole ambayo hajaitoa tangu matanga: "Mboni! Mboni, ndugu yangu!"

Nasima alikuwa anachambua mchele, mdomo kaufumba.

"Mama," Shadya akanong'ona, "mwambie asiitike!"

"Nianze mie kusema naye?"

"Mama!"

Lakini ng'ambo Mboni keshaangua kilio cha furaha. "Abee, dada!"

Walipozunguka mbio wakakuta kigoda kimepinduka na kanga ya Mboni, nusu juu, nusu imemezwa na mchanga. Nasima akaanguka kifudifudi, akachimba kwa kucha, akaita. "Mboni! Mdogo wangu, Mboni!"

Kisha chini, karibu kabisa, sauti ya Mboni: "Shadya? Shadya, mwanangu, upo?"

Nasima akamrukia binti yake, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mboni hakuonekana tena. Na nyumba ya Nasima mpaka leo, piga hodi utakavyo, hakuna anayekuitikia.